Kuwakaribisha ndege uani: mwongozo kwa aliyechoshwa na wiki ya kazi

Kila nikimwambia mtu kwamba Jumapili asubuhi nakaa uani nikitazama ndege, maswali huwa yale yale. Niweke chakula gani? Si nitawaita nyoka? Mbona kwangu wanakuja kunguru tu? Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio, ili anayetaka kuanza wikiendi hii aanze.

Nimeandika nikifikiria ua wa kawaida wa Dar es Salaam: nyumba ya kupanga Tabata au Kimara, sakafu ya saruji, tenki la maji, kamba ya nguo, mpapai mmoja na kuku wa jirani. Huhitaji bustani. Unahitaji pembe moja ya ua na ruhusa ya wenzako mnaoutumia. Wewe ni yule anayetoka saa 11 alfajiri kuwahi gari kabla ya foleni, anarudi saa 2 usiku, na Jumamosi ikifika mwili umelala lakini kichwa bado kinajibu meseji za bosi. Sikufundishi utaalamu wa ndege. Nataka upate nusu saa ambayo hakuna mtu anayekudai kitu.

Msimamo wangu nautoa mapema: anza na maji, si chakula. Mla mbegu, mla matunda na mla wadudu wote wanakunywa na kuoga, kwa hiyo chombo kimoja cha maji kinaita aina nyingi kuliko punje za aina yoyote. Tena kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekatika, maji safi ya kunywa kwa kiumbe mdogo ni shida mjini. Chakula kinaleta panya, kunguru na lawama za majirani. Maji hayaleti hayo kwa kiasi hicho.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Sahani ya udongo, ile inayowekwa chini ya chungu cha maua, yenye upana wa sm 30 hivi na kina kisichozidi sm 5. Wauza maua wa kando ya barabara wanazo. Ukiikosa, geuza mfuniko wa ndoo kubwa ya plastiki. Sufuria kuukuu iache: jua la saa 7 mchana linaipasha moto na ukingo wake unateleza.
- Mawe matatu au manne yenye ukubwa wa ngumi, yasiyo laini sana.
- Brashi ya kusugulia, ambayo haitatumika kwa kazi nyingine.
- Tofali, gogo au kipande cha bomba pana la kuinulia chombo.
- Kiti cha plastiki, kigoda au mkeka. Chochote unachoweza kukalia bila kujigeuzageuza.

Darubini si lazima. Kama unaishi uani na wapangaji wengine, zungumza kwanza na mama mwenye nyumba na wale mnaochangia ua. Waambie ni maji tu, yatamwagwa na kubadilishwa na wewe mwenyewe. Mtu akijua mapema hatakimwaga chombo chako akidhani ni uchafu.

Hatua

1. Tazama kabla hujasogeza kitu. Kaa asubuhi moja au mbili uone ndege wanatua wapi tayari. Kuna ncha ya mpapai, kuna waya wa umeme, kuna kamba ya nguo. Wana njia zao za kuingilia na kutokea. Chombo chako kikiwa karibu na njia hiyo, kitaonekana mapema.

2. Chagua mahali. Unatafuta kivuli cha mchana, karibu na kichaka au tawi, lakini si chini yake kabisa. Acha mita 2 hivi kati ya maji na kichaka. Ndege aliyelowa haruki vizuri, kwa hiyo anataka pa kukimbilia, ila paka naye anataka pa kujificha, na umbali huo unampa ndege nafasi ya kumwona akija. Kama mtaa wako una paka wengi, inua chombo hadi usawa wa kifua. Usikiweke chini ya waya au tawi wanalolalia ndege, maana kinyesi kitaingia majini.

3. Weka maji machache. Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu: wanajaza beseni mpaka juu, kisha wanashangaa hakuna anayeoga. Tongo, wale ndege wadogo wa kahawia wenye vichwa vyeusi wanaotembea makundi kwenye nyasi, ana urefu wa sm 9 au 10 tu. Kwake maji ya beseni ni kisima. Sm 2 pembeni na sm 4 katikati zinatosha. Panga mawe ili mawili yachomoze juu ya maji. Nyuki na vipepeo watatua hapo, na mjusi akitumbukia atapata pa kupandia. Tumia maji ya bomba au ya kisima. Yaliyosuuza vyombo yana sabuni, usiyaweke.

4. Mwaga na usugue. Kila siku ikiwezekana, na isipite siku ya pili. Hatua hii haina mjadala. Mbu anayeeneza homa ya dengue anapenda kutaga kwenye vyombo vidogo vya maji ya nyumbani, na akipata joto letu yai linaweza kufikia kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja na siku chache. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, kwa hiyo si la kufikirika. Kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai yake yanagandia kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, na yanavumilia ukavu kwa miezi. Sugua ukingo kwa brashi, suuza, weka maji mapya. Yale ya zamani mwagia mpapai. Kazi yote inamalizika kabla chai haijachemka.

Ukisafiri, mwaga maji na ulaze chombo kifudifudi. Ndege watarudi nawe ukirudi.

5. Panda kimoja au viwili, usipande bustani. Kwa ua mdogo nachagua mlonge na mndimu.

Mlonge unaota kwa kuchomeka tawi. Kata tawi nene kiasi cha mkono, urefu wa mita 1 hivi, lichimbie mvua zinapoanza. Ukishika, huenda ukaanza kutoa maua ndani ya mwaka, meupe yenye harufu, na hapo chozi watakuja. Chozi ni wale wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda, dume akipigwa na jua anang'aa kijani, buluu au zambarau kulingana na aina yake. Wanafuata asali ya maua, lakini makinda wao wanawalisha wadudu na buibui. Ndiyo maana nakuomba usipulizie dawa ya wadudu kwenye mimea hii. Ukiua buibui wote, chozi hana cha kupeleka kiotani. Kama una mgomba, tayari una mwaliko mwingine: wanapenda ua lake.

Mndimu au mlimau unaweza kuishi hata kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Huu ni kwa ajili ya kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano mpauko. Jike anazunguka mti, anagusa jani, anaacha yai moja la rangi ya maziwa, anahamia jani lingine. Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, kahawia na nyeupe, na hiyo ndiyo ngao yake, maana ndege wengi hawali kinyesi. Akikua anageuka kijani. Mguse taratibu kwa ujiti uone: nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, kisha zinarudi ndani. Watoto wakiona hilo hawaondoki kwenye mti. Watu wengi wanawaponda viwavi hawa wakidhani wanaua mti. Mti mkubwa unavumilia bila shida. Mche mdogo wenye majani machache, wabakize wawili, wengine wahamishie kwenye mlimau wa jirani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halihitaji kupanda. Sisi tunafagia ua kila alfajiri mpaka udongo unang'aa. Acha pembe moja yenye mita 1 ya majani makavu yaliyotawanyika, mbali na mlango. Kurumbiza, yule ndege hodari wa kuimba, atayapekua kutafuta wadudu.

6. Chakula, kama huwezi kujizuia. Toa kiganja kimoja cha mtama, uwele au ulezi asubuhi, au kipande cha papai bivu kilichochomekwa kwenye tawi. Kisiwepo kilichobaki jua linapozama, kwa sababu ya panya. Usitoe mkate, chipsi, wala wali wenye chumvi na mafuta. Vinajaza tumbo la ndege bila kumlisha, na chumvi nyingi inamdhuru.

Mabaki ya jikoni ndiyo yanayowaita kunguru. Huyu kunguru mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale takataka, akaenea pwani nzima, na anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Kenya hali ilifikia mahali ambapo mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru milioni 1. Kwa hiyo funika pipa la taka kabla hujatafuta namna nyingine ya kuwafukuza.

7. Sasa kaa. Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo yenye pumziko lenyewe.

Chagua muda mmoja wa wiki na uulinde kama miadi ya daktari. Saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi ndege wako kwenye pilika zaidi. Saa 11 jioni ni wimbi la pili. Mchana wa jua kali wengi wamejificha. Ukiwa nesi au mlinzi unayetoka zamu ya usiku, kaa nusu saa ukirudi kabla hujalala. Muda wako ndio huo hasa.

Weka kiti mita 5 au 6 kutoka kwenye maji, mgongo ukutani ikiwezekana, na kibaki hapo hapo kila wiki. Ndege wanazoea umbo lisilohama. Rangi ya nguo haiwasumbui sana. Kinachowatisha ni mkono unaoinuka ghafla. Simu iache ndani. Najua utasema unataka kupiga picha. Wiki za kwanza usipige. Ukiwa na simu mkononi unakuwa kazini, na ikiita utaipokea.

Dakika 10 za mwanzo hutaona kitu, na kichwa kitaanza kupanga bajeti ya mwezi. Kiache kipange, wewe endelea kutazama maji. Kwa kawaida shorewanda ndiye wa kwanza kuthubutu: kahawia, kichwa cheusi chenye kishungi kifupi, manjano chini ya mkia. Anatua ukingoni, anatazama kushoto, kulia, anaruka tena juu ya kamba. Anarudi. Anaingiza kifua majini, anapiga mbawa mara mbili tatu, matone yanaruka hadi kwenye saruji. Anapanda tawini kujichana manyoya moja moja kwa mdomo, kisha anashuka kuoga upya. Wengine wakiona amefanya hivyo na hakudhurika, wanafuata. Mtazame tetere, yule njiwa mdogo wa porini, anapokunywa: anazamisha mdomo na kufyonza moja kwa moja, wakati ndege wengi wanachota na kuinua kichwa ili maji yateremke. Kama uko mtaa wenye miti utawaona pasa, wale wenye mikia mirefu na vishungi, wamening'inia matawini asubuhi matumbo yakielekea jua. Wanajipasha joto ili majani na matunda waliyokula yasagike.

Sikiliza pia. Kurumbiza huanza kuimba chini chini, anarudia, anapandisha, mpaka mwisho sauti inajaza ua mzima. Dudumizi humwoni kirahisi, ila utamsikia: sauti inateremka gudu-gudu-gudu kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Wazee wanasema analeta mvua.

Kama hujui jina la ndege, muulize mzee wa nyumbani kabla hujauliza simu. Ana jina, na mara nyingi ana hadithi yake. Ukipenda, weka daftari, andika ulichokiona baada ya kuinuka. Lakini ukianza kujiwekea malengo ya aina ngapi kwa wiki, lifunge. Tanzania ina zaidi ya aina 1,000 za ndege na hakuna anayekuhesabia.

8. Wa usiku. Taa ya nje izime mara mojamoja. Mjusi kafiri yuko kazini ukutani anakula mbu na nondo, mwache. Kwenye mitaa yenye miembe mikubwa komba atapita akilia kama mtoto mchanga, na popo watafuata mapapai mabivu. Hawa watazame kwa mbali. Usimshike popo, komba wala tumbili, hata akionekana mgonjwa. Mgonjwa ndiye hasa wa kutoshikwa. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.

Na kinyonga: hana sumu, na hakuna mkosi anaoleta. Anakula nzi. Ukimkuta katikati ya njia, mwelekezee kijiti apande, umweke mtini.

Anayeishi ghorofani

Kibarazani weka sahani ile ile, iwe nzito au ifungwe waya isidondokee mtu. Ongeza mshubiri kwenye chungu. Ukitoa ua lake refu jekundu au la chungwa, chozi anapanda hadi ghorofa ya tatu kulifuata. Walioko Nairobi na Arusha watapata wageni tofauti kidogo, kwarara wakiwemo, wale ndege wakubwa wenye mdomo mrefu uliopinda, ambao kelele zao za alfajiri zitakuamsha bila kengele. Hatua ni zile zile.

Mambo yakikwama

*Wiki mbili zimepita, hakuna aliyekuja.* Kagua kina cha maji kwanza, kisha paka, kisha kama kiti chako kiko karibu mno. Ukihamisha chombo, kihamishe mara moja tu halafu subiri. Wanaohamisha kila siku mbili wanawaanzisha ndege upya kila mara.

*Wanakuja kunguru tu.* Soma tena hatua ya 6. Tumia sahani ndogo isiyo na kina, maana kunguru anapenda chombo cha kulowekea mfupa au mkate, na punguza maji siku chache.

*Naogopa nyoka.* Nyoka anafuata panya na vyura, na anajificha kwenye rundo la matofali, mabati na mbao. Ondoa rundo, fyeka nyasi ndefu, usiache punje usiku. Sahani ya maji iliyoinuliwa juu ya tofali kwenye saruji haimpi pa kujificha.

*Nyuki wamejaa kwenye maji.* Hutokea kiangazi. Waongezee sahani ya pili yenye kokoto mbali na wanapocheza watoto, uijaze kila siku bila kukosa. Wakishaizoea watahamia taratibu. Usiwapulizie dawa.

*Ndege anagonga kioo cha dirisha au cha gari siku nzima.* Anaona sura yake na kudhani ni mpinzani aliyeingia kwenye eneo lake. Funika kioo cha gari kwa soksi, cha dirisha kwa gazeti upande wa nje. Msimu wa kutaga ukipita ataacha.

*Watoto wa jirani wanakuja na manati.* Wape kazi. Mmoja awe mwenye brashi, mwingine mwenye jagi la maji. Mtoto aliyejaza maji asubuhi hampigi mawe ndege aliyekuja kuyanywa. Wakubwa wanaotega ndege ili wauze waambie kwamba ni kosa: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata wanyama wa porini bila kibali, na ndege wamo.

*Nikikaa nawaza kazi tu.* Basi fanya kitu kidogo cha mikono ukiwa pale pale kitini: menya maharage mabichi, chambua mchele. Macho yakibaki huru, yatainuka yenyewe kitu kikitua. Na kama usingizi ukikupata, lala. Ulikuwa unauhitaji kuliko kumwona kurumbiza.

*Kinda ameanguka chini.* Mtazame manyoya. Kama yameota na anarukaruka, anajifunza kuruka, na wazazi wako karibu wanamlisha. Mfunge paka na mbwa, mweke kwenye tawi la karibu akiwa kwenye njia ya watu, ondoka. Kama bado hana manyoya, mrudishe kiotani ukikiona. Ile habari kwamba mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako si kweli. Usimpe maziwa, wala usimmiminie maji mdomoni, yataingia kwenye njia ya hewa. Kaa mbali uangalie saa nzima kabla hujaamua kwamba ametelekezwa, kwa sababu ukisimama jirani mzazi hatashuka.